Madoa ya Mafuta na Grisi Katika Nguo: Namna ya Kuyaondoa Bila ya Petroli

Msimu wa mavuno unapowadia katika bonde la Kilombero, mashine za kukoboa mpunga hunguruma tangu alfajiri hata usiku, kuanzia Ifakara, kupita Mngeta, hadi Mlimba. Mwendesha mashine hana nafasi ya kupumzika. Hutia dizeli, hupaka grisi kwenye beringi, hukaza mkanda uliolegea. Kisha, kwa kuwa wakulima wamepanga foleni na kila mmoja ana haraka, hukiinua kiroba cha mchele na kukitua begani bila ya kunawa mikono wala kubadili nguo. Jioni hurejea nyumbani na ovaroli iliyolowa. Ovaroli hiyo hutumbukizwa katika beseni pamoja na nguo nyingine za nyumbani. Baada ya kufua kwa nguvu, doa la grisi lipo pale pale, na shati jeupe la mtoto wa shule nalo limepata doa. Ndipo jirani mwema anapotoa shauri: "Tia petroli kidogo tu, litatoka."

Makala haya yameandikwa kwa sababu ya shauri hilo. Ni kweli kwamba petroli huondoa grisi. Lakini ni kweli pia kwamba doa hilo hilo laweza kuondolewa kwa vitu vilivyomo jikoni, bila ya kuhatarisha nyumba na watu wake. Yanayotakiwa ni kuijua tabia ya mafuta, kufuata utaratibu, na kuwa na subira.

Kwa nini jambo hili ni la chama

Huenda msomaji akauliza, kufua nguo kunahusianaje na chama cha msingi? Kunahusiana kwa njia tatu.

Kwanza, mchele huvuta harufu. Kiroba kilichobebwa juu ya bega lenye dizeli, au kilichofungwa kwa mikono yenye oili, hupata harufu ambayo haitoki kwa kuanikwa wala kwa kupepetwa. Mnunuzi akifungua kiroba kimoja na kukuta harufu hiyo, hatauliza ni cha mkulima gani. Ataushuku mzigo mzima. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Mkulima aliyelima, aliyepandikiza, aliyewinga ndege na aliyevuna kwa jasho, apunguziwe bei kwa ajili ya ovaroli isiyofuliwa, hilo si haki.

Pili, nguo iliyolowa mafuta ya mashine hudhuru ngozi ya mwenye kuivaa, kama tutakavyoeleza. Mwendesha mashine ni mtumishi wa wanachama wote, na afya yake ni dhamana ya chama.

Tatu, petroli na dizeli zinazotumiwa nyumbani kufulia aghalabu hutoka katika mapipa ya kazini. Moto ukitokea nyumbani kwa mtumishi kwa mafuta yaliyotoka ghalani, chama hakiwezi kusema hakihusiki.

Mafuta ni ya namna mbili

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba mafuta yote ni sawa. Yako mafuta yatokanayo na mimea na wanyama: alizeti, ufuta, nazi, mawese, samli na mafuta ya nyama. Na yako mafuta yachimbwayo ardhini: petroli, mafuta ya taa, dizeli na oili ya injini. Grisi ya mashine kwa kawaida ni mafuta ya namna hii ya pili yaliyochanganywa na aina ya sabuni ili yawe mazito, yasitiririke kutoka kwenye beringi.

Tofauti hii ina maana kubwa wakati wa kufua. Mafuta ya mimea na wanyama yakikutana na magadi makali hugeuka kuwa sabuni. Ndiyo njia ambayo sabuni yenyewe hutengenezwa. Kwa sababu hiyo bibi zetu waliweza kusugulia masufuria yenye mafuta kwa majivu, na yakatakata. Maji ya majivu yana magadi ndani yake. Lakini mafuta ya ardhini hayageuki kuwa sabuni hata yakichemshwa na majivu mchana kutwa. Mtu anayesugua ovaroli yenye oili kwa majivu anaichakaza nguo na kujichubua vidole, na oili haimjali.

Sabuni hufanyaje kazi

Maji na mafuta hayapatani. Ukimimina maji juu ya doa la mafuta, maji hupita na doa hubaki. Sabuni ndiyo msuluhishi. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili: ncha moja hupenda maji, na ya pili hupenda mafuta. Tunaposugua, ncha zipendazo mafuta hujichomeka ndani ya doa, na ncha zipendazo maji hubaki nje. Doa huvunjika kuwa matone madogo mno, kila tone limezungukwa na sabuni, na maji huweza kuyachukua matone hayo na kwenda nayo.

Kutokana na hayo tunapata mafunzo mawili. La kwanza, sabuni ipakwe juu ya doa kabla nguo haijatumbukizwa majini, ili ikutane na mafuta ikiwa bado kali. Sabuni iliyotupwa katika ndoo nzima ya maji imekwisha kuzimuliwa, nayo huenda kulifikia doa ikiwa dhaifu. La pili, sabuni inahitaji muda. Doa lililopakwa sabuni na kuachwa dakika 15 hadi 30 hutoka kwa urahisi kuliko lile linalosuguliwa papo hapo kwa hasira.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ndiyo ifaayo zaidi, kwa kuwa imetengenezwa makusudi kwa ajili ya mafuta. Isipopatikana, sabuni ya mche hufaa. Ilowanishwe kidogo na kusuguliwa juu ya doa mpaka ifanye utando mzito. Mahali penye maji ya chumvi, ambayo hayatoi povu upesi, sabuni ya unga hufanya kazi vizuri kuliko ya mche.

Doa bichi la mafuta ya kula

Mafuta ya kupikia yakimwagika juu ya khanga, kitenge au shati, usiyasugue, maana kusugua huyapeleka ndani ya nyuzi na kulipanua doa. Fanya hivi:

1. Kandamiza doa kwa kitambaa kikavu au karatasi isiyo na wino, juu na chini ya nguo, ili kufyonza mafuta yaliyo juu juu.

2. Nyunyizia unga wa muhogo, unga wa mahindi au chaki iliyosagwa, ufunike doa lote. Acha dakika 15 au zaidi. Unga ukionekana umelowa mafuta, ukung'ute na kutia mwingine. Ndugu zetu wenye mashine wasidhani kwamba pumba laini ya mpunga itafaa kwa kazi hii kwa kuwa ipo tele. Pumba hiyo ina mafuta yake yenyewe, na huko ng'ambo hukamuliwa mafuta ya kupikia. Haiwezi kufyonza vizuri, na yaweza kuongeza doa.

3. Paka sabuni juu ya doa, upande wa ndani wa nguo, na usugue taratibu kwa vidole. Iache kwa muda tulioutaja.

4. Suuza kwa maji ya vuguvugu, kisha fua nguo nzima kama kawaida.

5. Tazama doa kabla ya kuanika. Nguo ikiwa majimaji huficha mafuta, kwa hiyo inyanyue uitazame kwenye mwanga. Doa likiwa bado lipo, rudia hatua ya tatu na ya nne. Anika kivulini mpaka uhakikishe kwamba limekwisha.

Nguo yenye rangi, hasa kitenge kipya, ijaribiwe kwanza kwa sabuni kidogo kwenye pindo la ndani, isije rangi ikachuja.

Pasi ni adui

Hatua ya tano tuliyoitaja hapo juu ndiyo inayorukwa na wengi. Nguo huanikwa juani doa likiwa bado lipo, kisha hupigwa pasi ya mkaa, na tangu hapo doa huwa la kudumu. Sababu yake ni hii: mafuta kama ya alizeti, yakipata hewa kwa muda mrefu, huungana na hewa hiyo na kuwa mazito, yakanata kama vanishi juu ya mbao. Joto huharakisha jambo hilo. Doa ambalo jana lingetoka kwa sabuni, leo limekuwa sehemu ya nguo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Msomaji asichanganye joto hilo na maji ya vuguvugu yenye sabuni. Maji hayo husaidia, kwa kuwa hulainisha mafuta huku sabuni ikiyachukua. Linaloharibu ni joto kavu, yaani pasi na jua kali, juu ya mafuta ambayo hayajaondolewa.

Mawese yana jambo lake. Wekundu wake hutokana na rangi ya asili, ile iliyomo pia katika karoti. Mafuta yake yaondolewe kwanza kwa sabuni kama tulivyoeleza. Wekundu ukibaki baada ya mafuta kwisha, hapo ndipo jua huwa rafiki: anika nguo nyeupe juani, na rangi hiyo hufifia yenyewe.

Doa la oili na grisi

Hapa ndipo watu hukimbilia petroli. Lakini iko kanuni ya kale isemayo kwamba mafuta huyeyusha mafuta. Grisi ngumu hulainishwa na mafuta laini, na mafuta laini hutolewa na sabuni. Kwa hiyo:

1. Kwangua grisi kwa mgongo wa kisu au kwa kijiko, bila ya kuisambaza. Kila kinachotoka kwa kukwangua kimekupunguzia kazi.

2. Weka tambara kuukuu chini ya doa. Tia kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia juu ya grisi, na uyachue kwa vidole mpaka uone weusi unalegea. Acha dakika 10.

3. Futa kwa tambara jingine, ukitoka ukingoni kuelekea katikati ya doa, ili lisipanuke.

4. Paka sabuni ya vyombo kwa wingi, sugua kwa brashi ya kufulia, na uache nusu saa.

5. Suuza kwa maji ya moto kiasi cha mkono kuweza kustahimili, ikiwa nguo ni ya pamba. Rudia mara mbili au tatu kabla ya kukata tamaa.

Nguo za kazi zifuliwe peke yake, katika beseni lake, kamwe zisichanganywe na nguo za watoto wala matandiko.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini ni nyeusi kwa sababu ya masizi. Sabuni yaweza kuondoa mafuta yote, na kivuli cha kijivu kikabaki. Kivuli hicho ni masizi yaliyokwama katika nyuzi; mradi mafuta yameondoka, nguo yafaa kuvaliwa kazini. Usijaribu kukiondoa kwa klorini ya kung'arishia nguo. Klorini huondoa rangi, haiondoi masizi wala mafuta, na ikizidi huozesha uzi.

Petroli isitumiwe kamwe

Petroli haihitaji kuguswa na moto ili iwake; mvuke wake ndio unaowaka, nao hutoka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Basi katika joto la bonde letu, petroli iliyo ndani ya beseni lililo wazi hutoa mvuke tele. Mvuke huo hauonekani, na ni mzito kuliko hewa. Hautoki kwa kupanda dirishani, bali hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango mpaka jikoni kwenye mafiga, au kwenye kibatari, au kwenye pasi ya mkaa. Ukikutana na moto, hurudi nao mpaka kwenye beseni na kwenye mikono ya anayefua. Na nguo iliyofuliwa kwa petroli, ikipigwa pasi kabla mvuke haujakwisha, yaweza kulipuka mkononi.

Mkoa wetu wa Morogoro haustahili kukumbushwa mara mbili. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Lori lile lilikuwa na mafuta mengi, lakini tabia ya petroli ni ile ile ndani ya tangi na ndani ya beseni.

Na mafuta ya taa, je? Hayawaki kwa wepesi wa petroli, lakini yakishalowa katika nguo, nguo yenyewe huwa utambi. Ikiwa mtu mzima ameshindwa kabisa na grisi ya zamani, basi kiasi kidogo kitiwe juu ya tambara, nje ya nyumba, mchana, mbali na moto na sigara. Doa lipanguswe, na nguo ifuliwe mara moja kwa sabuni mpaka harufu iishe. Nguo yenye harufu ya mafuta ya taa isipigwe pasi.

Tena, mafuta ya taa au petroli yasihifadhiwe katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hajui kubagua. Akishakunywa, asilazimishwe kutapika wala asipewe kitu cha kumtapisha, kwa kuwa mafuta yakiingia mapafuni wakati wa kutapika madhara huzidi. Apelekwe hospitali upesi, na chupa ichukuliwe ili mganga aione.

Nguo yenye oili na ngozi ya binadamu

Mwaka 1775 daktari Mwingereza Percivall Pott alieleza saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyowapata wafagiaji wa mabomba ya moshi, ambao miili yao ilishinda na masizi. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, saratani hiyo hiyo ilionekana kwa wafanyakazi wa viwanda vya nyuzi vya Lancashire. Mashine walizoziendesha ziliwarushia mafuta, na suruali zao zililowa siku baada ya siku kwa miaka mingi.

Mafuta ya mashine ya siku hizi yamesafishwa zaidi kuliko yale ya wakati ule. Hata hivyo, oili iliyokwisha kutumika katika injini hukusanya vitu vyenye madhara, na haifai kushinda juu ya ngozi. Doa moja la bahati mbaya lisimtie mtu hofu. Linaloogopwa ni mazoea: ovaroli isiyofuliwa mwezi mzima, na tambara la oili linalokaa siku zote mfukoni mwa suruali. Tambara hilo likae katika debe lenye kifuniko, mbali na lundo la pumba.

Maji ya kufulia yamwagwe wapi?

Mto Mngeta hushuka kutoka milima ya Udzungwa, na maji yake ni maisha ya mashamba na ya watu. Tambarare ya mafuriko ya Kilombero iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani. Kwa hiyo ovaroli zenye oili zisifuliwe mtoni wala kwenye mfereji wa shamba. Maji yake yamwagwe katika shimo lililo mbali na kisima na mfereji. Grisi iliyokwanguliwa na oili chafu zikusanywe katika dumu lenye alama, zisimwagwe ardhini.

Wajibu wa chama

Tunazishauri kamati za vyama vya msingi vyenye mashine au matrekta kuyajadili mambo haya kabla ya msimu ujao:

Kila mwendesha mashine apewe ovaroli mbili, ili moja ifuliwe nyingine ikiwa kazini. Pawepo beseni, brashi na sabuni hapo hapo penye mashine, pamoja na maji ya kunawa mikono kabla ya kugusa mchele. Mtia grisi asiwe mbebaji wa viroba katika saa ile ile. Na kama watu ni wachache, avae aproni safi au atandike kitambaa safi begani. Petroli na dizeli ziwekwe chini ya kufuli, na zisitolewe kwa matumizi ya kufulia.

Gharama ya hayo yote ni ndogo mno ikilinganishwa na mzigo mmoja wa mchele uliokataliwa na mnunuzi, sembuse nyumba ya mtumishi wetu iliyoungua. Sabuni ya mche na nusu saa ya subira hufanya kazi ile ile ambayo jirani alidhani haiwezekani bila ya petroli. Basi, Ndugu Wanaushirika, makala haya yasomwe mkutanoni kwa sauti, na nakala ibandikwe ukutani penye mashine, mahali ambapo hata mama anayesubiri zamu ya kukobolewa mpunga wake ataweza kuisoma.